Familia na utambuzi wa madhara ya pombe kwa kijusi

Utambuzi wa madhara ya pombe kwa kijusi ni hatua ambapo wataalamu wa afya wanaieleza familia kwamba matatizo ya mtoto wao katika ukuaji, tabia au kujifunza yametokana na pombe iliyomfikia tumboni kabla ya kuzaliwa. Madhara hayo kwa ujumla wake hujulikana kimataifa kwa kifupi cha FASD. Huitwa "wigo" kwa sababu hayalingani kwa kila mtoto: mmoja huathirika sana hata usoni, mwingine huonekana mzima kabisa na shida yake hujitokeza anapoanza shule.

Makala hii inahusu hasa yale yanayoikuta familia kabla ya kupata jibu hilo, siku ya kulipata na baada yake, kwa kuangalia mazingira ya wilaya ya Gairo katika mkoa wa Morogoro, Tanzania.

Madhara yenyewe

Pombe anayokunywa mama mjamzito hupita katika kondo la nyuma na kuingia katika damu ya kijusi ndani ya muda mfupi. Ini la kijusi halijakomaa, hivyo haliwezi kuivunja pombe kwa kasi ya ini la mama. Tena sehemu ya pombe hutoka kwa mkojo wa kijusi na kubaki katika maji yanayokizunguka, ambayo chenyewe huyameza upya.

Ubongo hujengwa katika miezi yote tisa. Kwa hiyo hakuna kipindi cha mimba ambacho pombe haina hatari, wala hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, iwe ni bia ya chupa, mvinyo, gongo au pombe ya kienyeji. Uso, kinyume chake, huchukua umbo lake katika wiki chache za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Mama asiyekunywa katika siku hizo chache lakini akanywa baadaye anaweza kuzaa mtoto mwenye sura ya kawaida na ubongo ulioguswa. Watoto wengi wenye FASD wako katika kundi hilo, na jambo hilo huzisumbua familia kuliko lingine lolote, maana mtoto anaonekana mzima na hakuna jirani anayeamini kwamba ana ulemavu.

Aina inayoonekana wazi zaidi huitwa sindromu ya pombe ya kijusi, kwa kifupi FAS. Mtoto mwenye FAS ana nafasi fupi ya jicho kutoka pembe hadi pembe, mfereji ulio kati ya pua na mdomo umesawazika, na mdomo wa juu ni mwembamba. Huwa mdogo kwa urefu na uzito, na mara nyingi kichwa chake pia ni kidogo kuliko cha wenzake.

Katika wigo mzima dalili kubwa ni za ubongo. Mtoto husahau leo alichokijua jana. Hatulii. Hesabu, saa na fedha humshinda. Haunganishi kosa na matokeo yake, kwa hiyo hurudia kosa lile lile baada ya adhabu. Hushawishiwa kirahisi na watoto wengine. Wengi wao huongea vizuri kuliko wanavyoelewa, jambo linalomdanganya mwalimu na mzazi kwa pamoja.

Jinsi yalivyojulikana

Mwaka 1968 daktari Mfaransa Paul Lemoine, wa mji wa Nantes, alichapisha maelezo ya watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi. Hayakusomwa na wengi nje ya Ufaransa. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walieleza hali hiyo hiyo katika jarida la kitabibu The Lancet na kuipa jina ambalo bado linatumika.

Katika Afrika, nchi iliyochunguzwa zaidi ni Afrika Kusini. Huko, katika mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi, vibarua waliwahi kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Uchunguzi wa watoto wa darasa la kwanza katika mji mmoja wa eneo hilo, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta zaidi ya watoto 40 wenye FAS kwa kila 1,000. Makadirio ya dunia nzima yaliyotolewa mwaka 2017 yalisema watoto wapatao 119,000 huzaliwa na FAS kila mwaka, na kwamba katika kila wanawake 13 wanaokunywa pombe wakati wa ujauzito, mmoja huzaa mtoto mwenye FASD ya aina fulani. Hesabu hiyo ya mwisho ina pande mbili. Inaonyesha kwamba hatari ni kubwa, na pia kwamba watoto wengi waliofikiwa na pombe hawapati madhara haya. Ndiyo maana hoja ya "mbona mimi nilikunywa na wanangu wazima?" husikika kila mahali na haithibitishi kitu.

Lishe duni, umri wa mama, idadi ya mimba alizobeba na mrithi wake wa kibiolojia hubadilisha ukubwa wa madhara. Kunywa sana kwa siku moja, kama kwenye sherehe, huwa na hatari zaidi kuliko kiasi kile kile kilichogawanywa katika siku nyingi.

Gairo na pombe ya kienyeji

Wilaya ya Gairo ilimegwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Makao yake makuu yako kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, karibu nusu ya njia, na wenyeji wake wengi ni Wakaguru, wakulima wa mahindi na maharagwe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu zaidi ya 190,000.

Kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania bara, pombe ya nafaka ina nafasi yake katika maisha ya huko. Mwanaanthropolojia Thomas Beidelman, aliyekaa Ukaguru miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya pombe katika matambiko, katika mahari na katika mikusanyiko ya vijiji. Makala yake moja ya mwaka 1961 ilihusu unywaji wa pombe na wizi wa mifugo. Pombe hupikwa na wanawake, na kwa wengi wao ndiyo fedha ya sare za shule na ya mbolea. Mpishi lazima aonje. Mwanamke anayepika pombe kila wiki huwa anakunywa kidogo kila wiki, hata kama hajihesabu kuwa mnywaji.

Tena pombe hiyo mara nyingi haihesabiwi kuwa pombe. Ni nzito, inashibisha, imetokana na unga, na kuna wanaoamini kwamba humpa mjamzito nguvu au humwongezea maziwa. Nguvu yake hubadilika kutoka mtungi hadi mtungi, kwa hiyo mama hawezi kujua amekunywa kiasi gani cha kilevi.

Ukubwa wa jambo hili nchini unaonekana katika kumbukumbu za uzazi za Hospitali ya KCMC mjini Moshi. Uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 2000 hadi 2010, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya akina mama waliojifungulia hapo walisema walikunywa pombe wakati wa ujauzito, ingawa idadi ilishuka sana kadiri miaka ilivyopita. Kilimanjaro ina mbege yake na desturi zake, hivyo namba hizo haziwezi kuhamishiwa Gairo kama zilivyo. Serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Hatua hiyo ilihusu pakiti za plastiki, si pombe ya mtungi.

Njia ndefu kabla ya jibu

Familia haianzi kwa kuuliza juu ya pombe. Huanza na mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, anayenyonya kwa shida na kulia bila kubembelezeka. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito haupandi. Muuguzi, kwa haki kabisa, hufikiria utapiamlo na kumshauri mama juu ya uji wa lishe. Mtoto anakula na bado ni mdogo.

Baadaye zinakuja sababu nyingine, na nyingi zina mantiki. Alichelewa kulia alipozaliwa. Aliugua malaria ya kichwani. Alipata degedege. Mama alikosa madini joto. Kila moja kati ya hizo inaweza kweli kudhuru ubongo, na mtoto mmoja anaweza kuwa na mbili au tatu kwa pamoja. Kwa hiyo ni kosa kumwona mtoto mzito wa kuelewa katika kijiji chenye vilabu vya pombe na kuhitimisha papo hapo kwamba ni FASD.

Kuna pia maelezo ya kijamii: amerogwa, mizimu imekasirika, mtoto ana pepo, mama alivunja mwiko. Familia nyingi huenda kwa mganga au kwenye maombezi kabla ya hospitali au sambamba nayo. Si ujinga. Mganga yuko karibu, ana muda wa kusikiliza, na anatoa jibu siku hiyo hiyo, wakati zahanati humwambia mzazi kwamba mtoto "atakua tu".

Wakaguru kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Swali la "hii imetoka wapi?" hivyo huelekea haraka kwenye ukoo wake na wajomba zake. FASD hairithiwi kama ualbino au selimundu, na kulisema hilo mapema huondoa mzigo kwa ndugu wengi wasiohusika, hasa binti za ukoo wanaotarajia kuolewa.

Mara nyingi anayegundua kwamba kuna tatizo la kudumu ni mwalimu wa darasa la kwanza au la pili, mtoto anaposhindwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Kutoka hapo njia rasmi hupanda kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na pengine Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Kwa mkulima kila ngazi ina maana ya nauli ya watu wawili, mahali pa kulala, na siku ambazo shamba halilimwi. Familia nyingi huishia katikati, na rufaa hubaki imekunjwa ndani ya kadi.

Hata katika nchi tajiri njia si fupi. Familia za Kanada, Australia na Uingereza zimeeleza katika tafiti mbalimbali kwamba zilizunguka kwa miaka, mtoto akiitwa mara mwenye usonji, mara mtundu, mara aliyelelewa vibaya.

Uchunguzi

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kuonyesha kwamba mtoto wa miaka saba alifikiwa na pombe tumboni. Utambuzi hufanywa kwa kukusanya ushahidi wa aina nne: uso, ukuaji, ubongo, na historia ya unywaji wa mama.

Daktari hupima kwa rula ndogo urefu wa nafasi ya kila jicho. Hulinganisha mdomo na mfereji wa chini ya pua na picha tano zilizopangwa kwa daraja. Hupima urefu, uzito na mzingo wa kichwa na kuvilinganisha na chati za umri. Hapo pana jambo la kuangaliwa: midomo na macho ya watu hutofautiana kwa asili yao, na picha za kwanza za kulinganishia zilitengenezwa kwa Wazungu. Baadaye zilitolewa picha kwa ajili ya Wamarekani Weusi na kwa jamii za Rasi nchini Afrika Kusini. Mtoto wa Kikaguru anayepimwa kwa picha isiyomfaa anaweza kukosewa kwa pande zote mbili.

Sehemu ya ubongo ndiyo ngumu. Huhitaji mtu wa kupima kumbukumbu, lugha, umakini na uwezo wa kujitegemea, kwa maswali ambayo mtoto wa kijijini ameyazoea. Mtoto akiulizwa juu ya vitu asivyowahi kuviona, atakachopimwa ni ugeni wake, si akili yake.

Daktari pia huondoa magonjwa yanayofanana: sindromu ya Down, sindromu ya Williams na nyinginezo, pamoja na madhara ya dawa za kifafa ambazo mama alizitumia akiwa mjamzito, kama valproeti na fenitoini.

Kuhusu historia ya unywaji kuna kanuni ambayo familia nyingi haziambiwi. Mtoto mwenye alama zote za uso, ukuaji hafifu na dalili za ubongo anaweza kutambuliwa kuwa na FAS hata kama hakuna aliyethibitisha kwamba mama alikunywa. Asipokuwa na alama za uso, ndipo uthibitisho wa unywaji huhitajika. Kumbana mama akiri wakati jibu tayari liko usoni mwa mtoto ni kumuumiza bure.

Kuuliza juu ya pombe

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2014 inashauri kila mjamzito aulizwe juu ya pombe katika kila hudhurio la kliniki, si wale tu wanaodhaniwa kuwa walevi. Namna ya kuuliza hubadilisha jibu. "Unakunywa pombe?" mbele ya mama mkwe hujibiwa "hapana". Akiulizwa peke yake, kwa utulivu, kabla ya kujua ana mimba alikuwa anakunywa nini, kwa kikombe gani, na kama huwa anapika, mama huweza kueleza mengi. Mimba nyingi hujulikana mwezi wa pili au wa tatu, na yaliyotangulia hayakuwa uzembe wa mtu aliyejua.

Mara nyingi mama hayupo. Amefariki, ameenda mjini kutafuta kazi, au ameolewa kwingine na mtoto amebaki kwa bibi. Hapo historia hutolewa na bibi, shangazi au jirani, na ndani yake huchanganyika ukweli na ugomvi wa zamani. Bibi anayemlea mtoto hujikuta akitoa ushahidi dhidi ya binti yake mwenyewe.

Baba huulizwa kwa nadra. Lakini mwanamke hunywa mara nyingi pamoja na mume wake, au kwa sababu ya kipigo na umaskini ndani ya nyumba, na mume anayeacha kunywa kipindi cha ujauzito humrahisishia mke kuacha.

Kupokea jibu

Wazazi na walezi waliohojiwa katika nchi mbalimbali hueleza hisia zinazofanana kwa kushangaza. Ya kwanza, kwa wengi, ni nafuu: kumbe kuna jina, kumbe si malezi mabaya wala uchawi. Huzuni huja nyuma yake, kwa sababu ubongo ulioguswa tumboni haurudi ulivyokusudiwa. Walezi wasio wazazi, kama bibi au waliomwasili mtoto, huweza kuwa na hasira. Mama mzazi hubeba hatia ambayo wengine hawana, na asipopata mtu wa kuzungumza naye anaweza kuikimbilia pombe ile ile.

Simulizi ya familia iliyojulikana zaidi duniani ni ya mwandishi Mmarekani Michael Dorris, aliyechapisha mwaka 1989 kitabu juu ya mtoto aliyemwasili. Kiliwafanya watu wengi wasikie habari ya FAS kwa mara ya kwanza. Kililaumiwa pia kwa ukali wake dhidi ya akina mama waliokunywa, na lawama hiyo, kwa maoni ya wengi wanaofanya kazi na familia leo, ilikuwa ya haki: mama anayeogopa kuhukumiwa haji kliniki. Mwaka 1999 wazazi wa Kanada na Marekani walianzisha Siku ya Kimataifa ya FASD, tarehe 9 Septemba, yaani siku ya tisa ya mwezi wa tisa, kwa kukumbuka miezi tisa ya mimba.

Baada ya utambuzi

Faida kubwa ya jibu ni kwamba hubadilisha maana ya tabia ya mtoto. "Hataki" inakuwa "hawezi". Mtoto aliyetumwa dukani kuleta chumvi, sabuni na kiberiti akarudi na kiberiti tu, hakukaidi. Mambo matatu yalikuwa mengi mno. Walezi hujifunza kutoa agizo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, kulirudia kesho kama jipya, na kuweka ratiba isiyobadilika. Hawampi fedha za kutunza. Wanawaonya ndugu wakubwa kwamba wenzake wanaweza kumtuma kuiba, naye atakubali ili apendwe.

Shuleni mambo ni magumu zaidi. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko hadi vinne kwa idhini ya mwalimu mkuu. Kwa mtoto asiyeunganisha kosa na matokeo, kiboko hakifundishi kitu. Hukumbuka maumivu na woga, si sababu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake kwa msaada unaostahili, na maandishi ya daktari humsaidia mzazi kuidai haki hiyo kwa mwalimu mkuu asiyeona ulemavu wowote. Hata mstari mmoja unaosema "ana tatizo la kumbukumbu tangu kuzaliwa, asiadhibiwe kwa kusahau" una thamani kuliko jina refu la ugonjwa.

Utafiti wa Ann Streissguth na wenzake, uliotolewa mwaka 1996 jimboni Washington, Marekani, uliwafuatilia watu 415 wenye FAS na hali zinazohusiana nayo. Kati ya waliofikia umri wa miaka 12 na zaidi, asilimia 60 waliwahi kupata matatizo na sheria. Miongoni mwa mambo yaliyowakinga waliopona balaa hilo yalikuwa kutambuliwa kabla ya umri wa miaka sita na kukulia katika nyumba moja tulivu. La pili, mtoto anayelelewa na bibi, wajomba na shangazi katika boma moja la Gairo huweza kulipata bila hospitali yoyote. La kwanza hutegemea barabara, nauli na mtaalamu.

Utambuzi wa mtoto mmoja huwahusu pia ndugu zake. Wadogo zake huchunguzwa, kwa kuwa mama akiendelea kunywa madhara huelekea kuongezeka kwa mimba zinazofuata. Mama aliyezoea kunywa kila siku kwa wingi hapaswi kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwani kutetemeka na degedege zinazoweza kufuata ni hatari kwake na kwa kijusi. Huachishwa hospitalini chini ya uangalizi. Kwa anayekunywa kidogo, kuacha siku yoyote ya mimba husaidia, hata kama miezi kadhaa imeshapita.